Ninga wa Pemba na Ninga wa Unguja: Ushauri kwa Anayetaka Kuwatambua

Katika jamii yote ya njiwa wa visiwani kwetu hapana, kwa rai yangu, ndege anayetajwa mara nyingi na kutazamwa mara chache kama ninga. Watoto wa mashamba humjua kwa jina, wawindaji wa zamani walimjua kwa ladha, na wenye mashamba humjua kwa kishindo cha mabawa anapotoka mtini. Lakini ukimwuliza yeyote katika hao kama ninga wa Pemba na ninga wa Unguja ni mmoja au wawili, aghalabu atakujibu kwamba ninga ni ninga, wote ni chanikiwiti, na kwamba mwenye haja ya kujua zaidi ya hapo labda hana kazi ya kufanya. Makala haya nimeyaandika kwa ajili ya huyo asiye na kazi, yaani mtu mwenye darubini, au asiye na darubini ila mwenye subira, anayetaka kuwatazama ndege hawa wawili kwa macho yake mwenyewe akawatofautisha kwa hoja, si kwa kusikia.

Ni wawili. Ninga wa Unguja ndiye yule yule wa bara, ambaye wataalamu humwandika Treron calvus, na makazi yake yameenea kusini mwa Sahara tangu Senegali mpaka Afrika Kusini, wala hahofiwi kupotea. Ninga wa Pemba, Treron pembaensis, hapatikani popote duniani ila Pemba na visiwa vidogo vya pambizoni mwake, na amewekwa katika orodha ya ndege walio hatarini. Aliyemwandika katika elimu ya ndege kuwa ni aina ya peke yake ni R. H. W. Pakenham, mtumishi wa serikali ya Zanzibar ya zama zile, mwaka 1940. Naye miaka mitatu kabla yake alikuwa amekwisha kumwandika bundi mdogo wa kisiwa hicho hicho. Ukiwajumlisha hao wawili na chozi wa Pemba, na yule ndege mdogo wa manjano mwenye duara nyeupe machoni, wapata aina nne za ndege ambao Mwenyezi Mungu hakuwapa makazi mengine ila kisiwa hicho.

Mtu mwenye akili ya haraka atasema: ikiwa mmoja yuko Pemba tu, na mwingine Pemba hayuko, basi kuna haja gani ya kuchunguza manyoya, maadamu ramani imekwisha kutoa hukumu? Hoja hiyo ina nguvu, na sitaki kuipuuza. Mtu aliyesimama Konde, huko Pemba, akamwona ninga hana sababu ya kukesha akijiuliza ni yupi. Walakini ramani humpa mtu jina la ndege bila ya kumwonyesha ndege. Anayeitegemea peke yake hawezi kusema neno juu ya picha isiyotajwa mahali ilipopigwa, wala juu ya ninga aliyefungiwa tunduni asiyejulikana ametoka wapi. Na siku upepo ukimvusha mmoja hadi ng'ambo isiyo yake, jambo ambalo kwa ndege si muhali, shahidi huyo atakuwa na habari kubwa mkononi bila ya ithibati hata moja ya kuwathibitishia wenziwe.

Kabla ya kufika kwenye rangi inafaa msomaji aelewe kwa nini visiwa viwili vinavyoonana katika ramani kama ndugu wa tumbo moja vimekuwa na ninga wawili, maana asiyeijua sababu husahau upesi dalili. Jibu limo baharini. Mkondo unaoitenga Unguja na Mrima ni wa maji mafupi, na zamani zile ambapo barafu ilikuwa imeyafunga maji mengi ya dunia hata bahari ikashuka kiasi cha mita 120 chini ya ilipo leo, Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa sehemu ya bara, na mnyama au ndege wa bara aliweza kuifikia bila ya kulowa. Mkondo wa Pemba ni habari nyingine. Kina chake hupita mita 700, na kushuka kote kule kwa bahari hakukutosha kuukausha, kwa hiyo Pemba ilibaki imezungukwa na maji katika zama zote hizo, na kutengana kwake na bara, kwa rai ya wengi waliochunguza miamba, ni kwa mamilioni ya miaka. Ninga aliyebahatika kufika huko, kwa kuruka au kwa kusukumwa na tufani, alikata uhusiano na jamaa zake, akazaa na kuzaliana katika upweke mpaka akawa mwingine. Unguja ilipata chui na paa nunga kwa sababu ya daraja lile la kale la nchi kavu. Pemba haikuwa na daraja, na kwa sababu hiyo ina vitu vyake yenyewe.

Sasa rangi, na hapa namwomba msomaji asiende mbio.

Kosa la kwanza la anayeanza ni kuutazama ukijani. Kila ninga ni kijani, na zaidi ya hayo kila ndege aliyekaa ndani ya majani huonekana kijani kwa sababu ya nuru inayochujwa na majani hayo. Kosa la pili ni kukimbilia zile alama zinazovutia macho: mdomo wenye wekundu kwenye shina lake na weupe kwenye ncha, na lile doa zuri la rangi ya zambarau begani. Alama hizo ni za kweli, na zinafaa sana kumtenga ninga na njiwa wengine, lakini hazimtengi ninga mmoja na mwenziwe, kwani wote wawili wanazo. Nimeona watu wakijivunia kwamba wamelitambua doa la begani kana kwamba wameikamata siri ya Pemba, na ndege waliyemtazama alikuwa mtini Unguja.

Tafuta kijivu. Ninga wa bara na Unguja, akiwa mkubwa, ana kichwa, shingo na kidari vya kijani kilichoingia manjano, rangi yenye uchangamfu, inayong'aa jua likimpiga. Na ijapokuwa katika nchi nyingi za Afrika huwa na ukijivu nyuma ya shingo, mwingi au mchache kwa kadiri ya mahali, uso na kifua chake hubaki katika ukijani wake wa manjano. Mapajani ana manyoya ya manjano yaliyokoza, mithili ya suruali fupi, na manyoya makubwa ya bawa yamepindwa kwa ukingo wa manjano. Ninga wa Pemba amegeuza mpango huo. Kijivu kimetoka kisogoni kikashuka kichwani, shingoni, kidarini na tumboni, kikachanganyika na kijani kidogo, kana kwamba ndege yule yule amepakwa jivu kuanzia usoni. Ukijani wake halisi uko mgongoni na mabawani, na manjano yake yamerudi nyuma, chini ya tumbo. Kwa maneno mafupi ya kubebwa njiani: wa bara mtazame kifua utaona manjano, wa Pemba mtazame kifua utaona kijivu. Mgongo usikushughulishe.

Hadhari na vijana. Ninga mchanga wa bara rangi zake hufifia, na lile doa la zambarau begani huwa hana bado. Ukimkuta katika kivuli, siku ya mawingu, utamdhania kwa urahisi kuwa ni yule wa Pemba. Kwa sababu hii nashauri mtu asitoe hukumu juu ya ndege mmoja ikiwa kundi lipo. Ninga hupenda kukusanyika penye matunda. Subiri wajitokeze watatu au wanne, mtafute aliye na doa kamili begani, huyo ndiye mkubwa, na umtolee hukumu yeye.

Tena wako wanaofananishwa na ninga bila ya kuwa ninga. Pugi, tetere na hua hawana ukijani na hushuka chini kuokota punje, tabia ambayo ninga hana ila kwa nadra sana, kwa hiyo hao hawasumbui. Anayesumbua ni kasuku mwenye kichwa cha hudhurungi, aliyeko Pemba, ambaye mwili wake ni kijani, ukubwa wake si mbali na wa ninga, na hupanda miti hiyo hiyo. Mambo huwa mazito zaidi kwa kuwa ninga naye hutembea matawini kwa mtindo wa kasuku, akining'inia kichwa chini na miguu juu ili alifikie tunda la ncha. Wakiwa wametulia, tazama mdomo: wa kasuku umepinda. Wakiruka, kasuku hupiga kelele kali na huonyesha manjano chini ya bawa, hali ninga huondoka kwa kishindo cha mabawa, akaenda moja kwa moja kwa kasi, bila ya kusema neno.

Juu ya sauti sitasema mengi. Ninga hatoi ule mlio wa kugugumia tuliouzoea kwa njiwa. Sauti yake huanza kwa kuparuza, ikapanda kwa mluzi wenye kupindapinda, kisha ikashuka na kufia katika mkoromo. Aina zote mbili huimba kwa utaratibu wa namna hiyo, na asiyekuwa na sikio lililozoea miaka mingi asijaribu kuwatenga kwa sauti. Itumie kujua kwamba yupo mtini, basi.

Katika ushauri wangu wote ulio muhimu kuliko mwingine ni huu: usimtafute ndege, utafute mti. Ninga huishi kwa matunda, na katika matunda hayo tini za mwitu ndizo posho yake kubwa. Mkuyu na jamaa zake, zile zinazoanza maisha yao juu ya mti mwingine hata zikaumeza, ndizo meza zake. Mitini ina hulka njema kwa mtafutaji, nayo ni kwamba haiivi yote kwa pamoja katika majira mamoja kama miembe. Huu utaiva mwezi huu, ule wa bonde la pili utaiva baada ya miezi mitatu, na kwa hivyo swali la ni mwezi gani bora wa kumwona ninga halina jibu la maana. Swali lenye maana ni mti upi umeiva wiki hii, na anayejua jibu ni mwenye shamba, mchunga ng'ombe, au mtoto anayepita hapo kwenda chuoni. Waulize hao kwa adabu, mkae mzungumze, wala usiulize kwanza habari ya ndege. Uliza habari ya mkuyu.

Ukiufikia mti, tazama chini kabla ya kutazama juu. Tini zilizoanguka zikiwa mbichi na ngumu, mapema bado. Zikiwa laini zenye kudonolewa, karibu. Pemba utakuta pia makapi makavu ya matunda yaliyotafunwa yakatemwa, na hayo ni kazi ya popo mkubwa wa Pemba, naye ni wa kisiwa hicho peke yake, anayekuja usiku kwenye miti ile ile ambayo ninga huijia mchana. Popo akila usiku, ninga hatakosa asubuhi. Hapa pana jambo ambalo wengi hawalijui. Popo huzimeza mbegu za tini na kuziangusha mbali zikiwa nzima, hivyo yeye ni mpandaji wa misitu. Ama ninga, kama ilivyochunguzwa kwa jamaa zake wa misitu ya Asia, ana firigisi yenye nguvu inayozisaga mbegu nyingi za tini zikawa unga. Anayempenda ninga, basi, inampasa ampende popo pia, maana mmoja hula na mwingine hupanda.

Wakati bora ni saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza. Ninga ana ada ya kupanda kilele cha mti mrefu, hasa tawi lililokauka, akakaa huko akiota jua kabla ya kushuka kwenye chakula, na huo ndio wasaa pekee ambapo hakufichwa na majani wala hakupotoshwa rangi na nuru yao. Simama jua likiwa mgongoni mwako, hatua thelathini au zaidi kutoka shinani, mahali unapoweza kuona kifua. Wageni wengi hufanya kinyume: huja saa nne, wakaenda wakasimama chini ya mti hasa, wakainua shingo. Kutoka hapo hawaoni ila matumbo meusi dhidi ya mbingu, na ndege wakishawahisi hunyamaza wakaganda wasitikisike, hata mtu akaapa kwamba mti ni mtupu. Kisha mmoja hupasuka kwa kishindo, na wote huondoka kabla darubini haijafika jichoni.

Nimesema wageni, na sasa niseme juu ya mpangilio wa safari, maana hapa rai yangu inapingana na ya wengi. Mtu anayekuja visiwani kwa ajili ya ndege huwa na shauku ya Pemba, naye hushuka uwanja wa ndege wa Unguja akitafuta chombo cha kwenda Mkoani, Pemba, jioni ile ile. Namshauri akae kwanza Unguja, au hata bara, mpaka amtazame ninga wa kawaida kwa kushiba: kifua chake, mapaja yake, vijana wake, anavyoonekana juani na anavyoonekana kivulini. Yule wa Pemba hana alama moja kubwa inayopiga kelele. Sifa yake yote ni tofauti na mwingine, na tofauti haionekani kwa asiyemjua huyo mwingine.

Huko Pemba mahali panapojulikana zaidi ni msitu wa Ngezi, kaskazini-magharibi ya kisiwa, katika njia ya kutoka Konde kwenda Ras Kigomasha, hifadhi ya hekta 1,400 na ziada ambayo ndiyo kipande kikubwa kilichosalia cha msitu wa kale. Kuingia kunataka ruhusa na ada katika ofisi ya msitu, na kiongozi hupatikana hapo. Lakini ujue kwamba wageni wengi huja kwa ajili ya bundi, ambaye safari yake ni ya usiku. Kwa hiyo mweleze kiongozi mapema, tena kwa maneno bayana, kwamba wewe wataka ninga na kwamba utafika alfajiri. Masika njia za ndani hujaa tope na maji, na mvua huwafanya ndege wajikunyate. Anayeweza kuchagua na achague wakati wa kusi au kaskazi kavu. Wala usidhani kwamba ndani kabisa ya msitu ndiko atakakokuwa. Miti mirefu ya Ngezi, mivule na misufi mwitu, humficha. Ukingoni, penye uwazi, ndipo atakapokaa kileleni ukamwona.

Pia hayuko msitu wa Ngezi tu. Baada ya tufani ya mwaka 1872 kuing'oa mikarafuu ya Unguja, Pemba, ambayo haikupigwa kwa kiasi hicho, ndiyo iliyokuwa shamba kuu la karafuu, na misitu ya mabonde na vilima ikakatwa kuipisha. Ninga hakufa kwa jambo hilo. Alihamia katika mashamba, akakaa penye mikuyu iliyobakizwa mipakani na miti mikubwa ya matunda iliyozunguka nyumba. Kwa hiyo aliye na jamaa Wete au Chake Chake anaweza kumwona ninga bila ya kununua tikiti ya msitu, akitoka tu na kikombe cha kahawa alfajiri akakitazama kilele cha mti mrefu kuliko yote wa mtaa.

Chukua kitabu kidogo. Andika pale pale, kabla hujatazama picha au kitabu cha ndege, rangi ya kichwa, rangi ya kifua, rangi ya mapaja, doa la begani lipo au halipo, mti gani, saa ngapi, nuru ilitoka upande gani. Kamera za siku hizi hupendeza, lakini nazo huongeza ukijani wa picha zikiwa chini ya majani, na nimeona picha za ninga wa Pemba zilizong'arishwa na mwenyewe mpaka kijivu kikafutika chote. Picha ya namna hiyo haifai kitu kwa jambo hili. Na wanaobeba sauti zilizorekodiwa wakazipiga ili kumwita ndege, nawaomba wasifanye hivyo kwa ninga wa Pemba hasa karibu na kiota chake, ambacho ni vijiti vichache vilivyolazwa matawini bila ya ufundi mwingi. Ndege akishtuliwa hapo, mayai huachwa wazi kwa kunguru.

Wenye mashamba nao nina neno nao. Ninga ana udhaifu mmoja uliomwangamiza katika sehemu nyingi: akishaujua mti ulioiva hurudi kila siku saa ile ile, na mwenye bunduki, manati au ulimbo hana taabu ila ya kungoja. Ukimruhusu mwindaji mmoja chini ya mkuyu wako kwa wiki moja umeruhusu kundi zima la bonde lako, kwa kuwa bonde zima hula hapo. Na mkuyu wenyewe, ambao wengi huukata kwa sababu hauzai kitu cha kuuzwa na mizizi yake hunywa maji, si lazima uwe katikati ya mikarafuu. Mahali pake ni mpakani, au kwenye bonde la maji ambapo mkarafuu haustawi. Asiyekuwa nao na aupande. Hauhitaji kitalu wala mbegu: kata tawi lenye unene wa mkono, urefu wa kimo cha mtu, liache kivulini siku chache utomvu wake ukauke, kisha lisimamishe katika shimo la dhiraa moja wakati mvua za masika zinapoanza, ushindilie udongo, na uliwekee miiba ya kuzuia mbuzi mwaka wa kwanza.